Jiwe la Diwani Makori

Benter, sikiliza: Kwamboka aliondoka nyumbani siku ya soko la Nyamache, mwaka 1949, akamfuata Okoth, fundi cherehani wa kule ziwani. Nyanya Kemuma, mdogo wake, ndiye aliyetuambia leo. Mbele ya watu wote! Tulikuwa tunapanga jiwe la ukumbusho la baba yao, Diwani Makori.

Unajua tulivyomsifu. Miaka kumi na minne barazani, mtetezi wa mila. Sheria ilikuwa yake: msichana akitoroka kabla ng'ombe wa mahari hawajatolewa, askari wamrudishe.

Kwamboka alipotoroka, wenzake wakamcheka barazani. "Makori, na huyu wako? Ama sheria ni ya mabinti zetu tu?"

Akajibu, "Mleteni." Neno moja, Benter. Mleteni.

Kwamboka alikuwa na mimba ya miezi minane. Askari wakamtembeza kwa miguu hadi hapa. Siku ya tatu akafa akijifungua, na mtoto pia.

Na kwa kuwa ng'ombe hawakuwa wametolewa, hakuwa mke wa mtu. Wakamzika nje ya boma, kando ya ua, kama msichana asiyeolewa. Mwaka uliofuata baba yake akachaguliwa tena. Alisema mleteni, na akachaguliwa tena.

Leo Mjomba akamwambia Nyanya, "Mama, hayo yaliisha."

"Yaliisha kwako. Mimi ndiye niliyemshika mkono."



Jiwe halitawekwa. Kesho asubuhi tunang'oa mistari miwili ya chai iliyopandwa pale kando ya ua, tutafute kaburi la Kwamboka.