Viberiti Vinne vya Kambale

Mangobo, Kisangani, siku ya pili ya juma, asubuhi

Kwa mudogo wangu Kasereka, huko Butembo,

Mudogo wangu, nakusalimia, ingawa hustahili. Muko aje wote huko? Na ule mugongo wako, ungali sababu ya kila kitu usichopenda kufanya? Mimi bado nipo. Magoti yanalia mvua ikikaribia, macho yanaona mustari wa daftari, meno ni yale matatu uliyoacha ukinicheka. Bon, salamu imetosha.

Wakati muzee wangu, bwana wa nyumba yangu, alikufa ulipiga simu, ukalia, ukasema barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya toka zamani, na vitunguu vya Butembo vinafika hapa, maharagi yanafika, hata mbuzi wanafika wakiwa wazima. Ni wewe tu ulikosa njia. Lakini sikushika kalamu kwa kukugombeza. Naandika kwa mukono wangu mwenyewe, na ile miaka yangu mitatu ya shule, kwa sababu neno hili haliwezi kupita kwenye simu. Simu hapa inasikiwa na nyumba nzima pamoja na jirani. Na siwezi kumuomba mutu aniandikie. Soma pole pole, usiruke mustari. Na usimusomee muke wako.

Unajua muzee alikuwa seremala maisha yake yote. Vumbi la mbao liliingia kifuani likajenga humo. Mwisho, kutoka kitandani mpaka mulangoni alikuwa anapumzika mara mbili. Waganga wa kituo cha afya wakasema anahitaji hewa ya mashini. Kambale akasema papa yake hatakaa kule kungoja zamu, atamutengenezea yake. Unamujua huyu mutoto wangu: radio, televizyo, batri za jua, watu wa Mangobo na hata wa Lubunga ng'ambo ya muto wanamuita Dokta. Alipata mashini ya hewa iliyokufa kwa muchuuzi mumoja, akaileta kwa baiskeli ya toleka, zile za kubeba watu na mizigo, akaifungua juu ya meza yake ya kazi, pale chumba cha mbele.

Kile kilichokuwa kimekufa mule ndani kilikuwa kidogo kama chawa. Kinaitwa kondansateri ya seramiki. Ni udongo wa kuchomwa, kama chungu, na kazi yake ni kushika umeme kidogo na kuuachilia taratibu ili mashini isishituke. Hakina jina wala namba juu yake, ni rangi ya udongo tu. Niliuliza kama kweli uchafu huu ndio utampa baba yake pumzi. Kambale alicheka.

Nilimusumbua mpaka akanifundisha. Alisema ile namba wanayokuuzia ni ya wakati kipande hakina muzigo. Ni kama mutu wa toleka amekaa kivulini. Muulize, atakuambia anabeba magunia matatu. Mupakie sasa, mupandishe kilima, jua limuchome, utajua kwamba nguvu yake ni ya gunia moja. Kipande vile vile: ukikipandishia umeme na joto, kimoja kinabaki na nguvu karibu yote, kingine kinabaki na robo. Na kwa macho viko sawa. Hata kifaa chake cha kupimia kinasema viko sawa, sababu kinapima bila muzigo. Donc, basi, kinachoweza kukuambia ukweli ni karatasi ya kiwanda, ile yenye muchoro unaoshuka, kuonyesha nguvu inavyopungua kadiri umeme unapanda. Kuna viwanda vinaitoa, kuna vingine vinaificha, na kuna wachuuzi wanakuletea karatasi ya huyu kwa kipande cha yule.

Alitafuta juma nzima kwenye simu yake, karatasi za Kiingereza na za Kichina, mpaka macho yakawa mekundu. Mwisho akapata ya kiwanda kimoja ambayo ilimutosha. Akahesabu, akasema hiki kitabeba. Vipande vya kile kiwanda akaviweka ndani ya kiberiti kimoja, vya viwanda vingine ndani ya viberiti vingine vitatu, na juu ya kila kiberiti akabandika kikaratasi chenye jina la kiwanda. Akaniambia, mama, bila hivi vikaratasi hata mimi sijui nani ni nani.

Aliniambia hivyo, Kasereka. Na mimi nilisikia.

Siku chache baadaye, padri alituma neno kwamba atamuletea muzee komunyo nyumbani. Hapa kwetu huwezi kufika chumba cha mugonjwa bila kupita mbele ya meza ya Kambale, na yeye alikuwa ameshavuka kwenda Lubunga kwa kazi. Nikaangalia ile meza: nyaya, vumbi, viberiti vimechakaa kama vya mulevi. Sakramenti ipite hapa? Nilifagia, nikapangusa, nikafungua vile viberiti vinne nikavimwaga vyote ndani ya bati moja ya maziwa, safi, yenye kifuniko. Toka utoto nachambua maharagi, jicho langu halikosi, ya manjano huku, mekundu huku. Hapa hapakuwa manjano wala mekundu. Vyote vilifanana, nikaona ni kitu kimoja.

Padri alikuja, akasali, akaenda. Ndipo lile neno la Kambale likanirudia.

Sasa sikia nilichofanya, na usinitafutie sababu. Sikungoja mutoto arudi nimuambie. Niliona haya. Mimi ninayegombeza kila mutu kwa kugusa vitu vya wenyewe, nianze kusema nimegusa? Nilichukua lile bati nikagawa, kiberiti hiki fungu lake, kile fungu lake, kama vile unagawia watoto wanne chakula asilie hata mumoja. Nikavipanga mustari ule ule, vikaratasi vikiangalia juu. Kambale aliporudi alisimama mulangoni akasema meza imekuwa kama altare. Nami nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Kesho yake akatoa kipande kwenye kiberiti chenye jina la kiwanda alichochagua, akakiunganisha. Mashini ikaamuka. Nisikudanganye, zilikuwa siku nzuri. Muzee alianza kulala chali kama watu. Alikula lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki, akaomba tena. Akaniangalia siku moja akaniambia, Masika, naona umeanza kuzeeka. Mutu mwenye kukosa pumzi hapati nafasi ya kuchokoza muke wake, nikajua amepona kidogo.

Haikumaliza mwezi. Ilikuwa saa sita ya muchana, joto lile la hapa unalolikimbia. Kambale alikuwa ng'ambo, muke wake Josephine alikuwa soko. Taa ya mashini ikazima, ikawaka, ikazima. Nikaipiga na kiganja kama tunavyopiga radio. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Umeme ulikuwepo, Kasereka, kwa jirani muziki ulikuwa unalia. Nilichukua kifuniko cha sufuria nikampepea, nikaita watu, nikampepea. Alinishika hapa kwenye kitambaa akasema, "Wacha, Masika. Kaa." Nikakaa. Hiyo ndiyo mara moja nilimutii bila kubishana, na sikujua kama ni ya mwisho.

Matanga ilipoisha, Kambale alifungua mashini. Akatoa kile kipande, akakipandishia umeme ule ule wa kazi, akapima. Kilikuwa kimebaki na robo. Akafungua karatasi ya kiwanda kwenye simu: muchoro unasema kinapaswa kubaki na karibu yote. Akaandikia muchuuzi wa mbali aliyemuuzia. Muchuuzi akajibu kwamba karatasi ni ya kweli na vipande ni vyenyewe. Akatafuta karatasi zingine, akalinganisha, akahesabu tena, siku kwa siku, hanawi, halali. Mwisho akafunga simu akasema karatasi haidanganyi, donc ni yeye alisoma vibaya. Kwamba alimuua papa yake kwa hesabu mbaya.

Alisema hivyo mezani, mbele ya watoto, na mimi nimeshika kijiko.

Toka hapo alikataa kazi. Mutu analeta radio, anamurudisha. Chuma chake cha kuunganishia nyaya alikigawia fundi mwingine. Akapatana na watu wanaokwenda kuchimba dhahabu Bafwasende, mutu wa miaka yake, na lile goti lake. Na mimi? Nilimugombeza. Nikamuambia mwanaume hawezi kulilia kitu kidogo kama chawa. Nikamuambia anawaaibisha watoto wake. Kila siku nilitafuta kosa jipya la kumusemea, sababu nikinyamaza nilikuwa nasikia lile bati likimwagwa.

Siku ya safari, motari, yule wa pikipiki, alikuwa ameshafika nje. Kambale akafunga mufuko, akaja kuniaga.

"Weka mufuko chini," nikamuambia.

"Mama, motari ananingoja."

"Angoje. Hesabu yako ilikuwa nzuri. Mimi ndiye nilichanganya viberiti."

Hakuelewa. Ikabidi nimuelezee yote toka mwanzo: padri, ufagio, bati, na jinsi nilivyogawa mafungu. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza, aliniuliza neno moja tu.

"Wakati unavirudisha, ulikuwa umekumbuka nilichokuambia?"

Ningeweza kusema hapana. Nimezeeka, kusahau ni ruhusa yangu, hakuna mutu angenikatalia. Josephine alikuwa ananiangalia, naye alikuwa ananiomba kwa macho niseme hapana.

"Nilikumbuka," nikasema.

Aliketi palepale chini, juu ya mufuko wake. Motari akapiga honi mpaka akachoka, akaenda.

Hakwenda Bafwasende. Kesho yake alikwenda kuchukua tena chuma chake, akamwaga viberiti vyote vinne juu ya kitambaa cheupe. Anachukua kipande kimoja, anakipandishia umeme, anakipasha joto, anapima, anakibandika kwenye daftari na kuandika nguvu yake pembeni. Alisema hataamini tena karatasi ya mutu ambaye hamujui, atajifanyia yake. Daftari la kwanza limeshajaa. Mafundi wa Makiso na wa Tshopo wanakuja kulitazama, sababu sokoni hapa hakuna mahali pengine unaweza kujua kipande kitabeba nini. Anakataa kuwaacha waende nalo, lakini anawaacha wanakili. Ile mashini ameitengeneza upya, ameipeleka kituo cha afya. Inafanya kazi. Josephine alipita kuiona.

Donc mukono wa mutoto wangu umepona. Niliununua, na bei yake sasa nakuambia.

Hasemi na mimi. Hanitukani, hapana. Anapita. Chakula kinaletwa na Josephine. Juzi nilikuwa nyuma ya pazia, nikamusikia anamuambia, "Pelekea muke wa papa chakula, kisipoe." Muke wa papa. Nikaangalia nyuma yangu kama kuna mama wa kambo ameingia humu ndani. Sahani ilikuja, nikala, sababu mimi siwezi kususa chakula cha mutu aliyekipika. Lakini sijui nilikula nini.

Sasa fika mahali nilipokuwa naenda. Kwetu mama akimukosea mutoto, si padri anayemuombea, si chifu wa mtaa. Ni ndugu yake wa tumbo moja. Mujomba ndiye anaingia, anakaa mbele ya mutoto, anasema kwa kinywa cha mama. Ndugu zetu wote wameshalala. Umebaki wewe. Toka tuzaliwe sikukuomba kitu, hata chumvi, nilikuwa nachukua tu. Leo nakuomba.

Njoo. Panda lori lolote. Usimuambie Kambale kama nilisahau. Usimuambie ni uzee, wala kama ni mupango wa Mungu, Mungu hakumwaga viberiti. Muambie tu: dada yangu alijua, akaficha, na anaomba samaha. Kisha umuulize kama anaweza kuniita vile alivyokuwa ananiita. Akisema bado, usimulazimishe, nitangoja. Nitakaa chini kwenye mukeka, hapana kwenye kiti, na sitatia neno mpaka mumalize. Najua unacheka. Cheka, lakini uje uone.

Uwasalimie wote: mulamu wangu mwenye mikono ya kupika na mudomo wa kusema, shangazi yetu kipofu, umuambie bado nafunga kilemba alichonipa, katekista aliyetufundisha sala, kama bado anasikia, na yule mukwe wako muvivu, naye musalimie, hakuna namna.

Barua inakuja na dereva wa vitunguu. Ameahidi kurudi Kisangani akishapakia, na nimemuambia aache nafasi ya mutu mumoja pale mbele, mwenye mugongo mubaya.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa, Masika,
mama ya Kambale.