Picha ya Kichwa cha Baba Yako

Kibugu,
S.L.P. 73,
Embu.
9 Juni, 2024.

Mpendwa mwanangu Ruguru,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu milimani, ambako baridi ya Juni imeanza na majani ya chai yamegoma kuota. Hujambo huko Kanada? Mumeo Murungi hajambo? Na Gitobu mdogo, bado anakataa kuvaa soksi? Natumaini wewe na huyo aliye tumboni mna afya njema.

Mimi baba yako mkubwa ni mzima kiasi. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Binti yangu Alice ndiye anayenisogezea kiti juani na kunishikia karatasi isipeperuke. Sikutaka kukupigia simu kwa sababu kwenye simu ningejificha nyuma ya mzaha, kama kawaida yangu.

Alice ameniambia mtoto wako wa pili ni mvulana na atazaliwa mwezi ujao. Kwa desturi yetu huyo anapewa jina la baba yako, Nyamu. Ameniambia pia umeapa kwamba jina hilo halitaingia nyumbani kwako. Sikulaumu. Lakini uliapa bila kujua jambo ambalo mimi nimelijua kwa miaka tisa, nikalificha.

Unakumbuka baba yako alipoanguka kutoka mtini? Ulikuwa chuoni Nairobi, nasi tukakuambia ni kidonda tu. Mti ule wa mukima ulikuwa wangu, na matawi yake yalitia kivuli chai yangu, nikamwomba baba yako ayakate. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Baba yako akasema shina linateleza, tungoje kesho. Nikamtania mbele ya wachumaji kwamba amezeeka kabla yangu mimi kaka yake. Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama alivyozoea, akapanda na panga lake. Aliangukia kisiki kwa paji la uso. Baada ya wiki mbili kidonda kilikuwa kimefunga, tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Baba yako uliyemjua alikuwa akivua kofia hata akisalimiwa na mtoto. Miezi michache baadaye alianza kula chakula cha wageni kabla ya sala. Alimwambia karani wa kituo cha chai, foleni nzima ikisikia, kwamba ananuka. Alicheka mazishini. Mama yako alidhani anakunywa kwa siri. Mimi nilisema ni kiburi.

Kisha ikaja siku ya mahari yako. Mzee Gichovi, baba wa mchumba wako wa wakati ule, na watu wake walikuwa wametoka Kiritiri na mbuzi, nami nilikuwa msemaji wa upande wetu. Baba yako akainuka bila kupewa nafasi.

"Mbuzi hawa wamekonda kama Gichovi mwenyewe. Kwani huko kwenu mnakula mawe?"

Wachache walicheka, wakidhani ni utani wa wakwe. Ndipo akakugeukia wewe.

"Na huyu amewaambia alikuwa akianguka kifafa? Mchukueni, mwende naye."

Kifafa kilikuwa kimekuacha tangu utotoni, na ulikuwa umemwomba baba yako akuachie umwambie mchumba wako mwenyewe. Gichovi alichukua kofia yake, na mbuzi wakapandishwa tena kwenye gari. Wewe ulisema, "Sina baba," ukaondoka. Jumapili iliyofuata, nikiwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, nilisoma jina lake mbele ya waumini na kumwondoa kwenye meza ya Bwana. Alikaa benchi la nyuma mpaka alipokufa.

Mwaka uliofuata aliumwa na kichwa, nikampeleka hospitali, akapigwa picha. Daktari alinionyesha sehemu nyeusi nyuma ya paji la uso, akauliza kama mgonjwa aliwahi kuumia. Sikuhitaji maelezo zaidi. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na moja, na ubongo niliuchora ubaoni kila mwaka.

Nawe nikueleze kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu. Chembe za neva hupelekeana ujumbe bila kukoma. Zile za mbele, juu ya macho, ndizo zinazopima neno kabla halijatoka: hili sema, hili ngoja, hili usilitamke kamwe. Zikiharibika, mtu hutembea, huhesabu, hukumbuka majina, lakini wazo likija linatoka jinsi lilivyo. Na zikifa, hazichipui tena kama chai iliyokatwa.

Sijui kama kila alichosema kilitokana na jeraha. Huenda hofu ya kifafa chako ilikuwa ndani yake miaka yote, akiinyamazia kwa kukupenda. Hapo elimu yangu inafika mwisho.

Kwa nini nilinyamaza? Ningeonyesha picha, wangeuliza aliumia wapi, kwenye mti wa nani, na nani alimharakisha. Tena ningelazimika kusimama kanisani na kusema nimemhukumu mgonjwa. Nikaificha picha juu ya kabati, chini ya vitabu vya shule.

Lililo baya zaidi ni hili. Siku moja tulipotoka ibadani alinishika mkono.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona maneno yangu nayasikia wakati mmoja na watu wengine?"

Nilikuwa na jibu. Nikamwambia aombe msamaha kwa Mungu. Akavua kofia, akanishukuru.

Alipofariki miaka minne iliyopita hukuja kumzika. Watu walisema wewe ni mgumu, nami niliwaacha waseme.

Jumapili iliyopita nilimwomba mchungaji asome maungamo yangu, na jina la baba yako likarudishwa kwenye orodha ya washiriki. Wazee wa ukoo nao nimewaambia. Wamesema wa kwanza ninayepaswa kumwomba radhi ni wewe. Picha nimeitia kwenye bahasha hii. Mwonyeshe daktari wa huko, usiniamini mimi.

Msamaha wangu unaweza kungoja, hata kama mimi sitangoja. Jina la mtoto ni lako na Murungi, na hakuna mtu huku atakayewauliza. Ninachotaka tu ni kwamba ukilikataa, uwe umemkataa mtu aliyekuwepo kweli.

Mama yako anakusalimu. Nilimwambia yote kabla ya ibada hiyo, na tangu hapo hasemi nami, ila jana aliniletea uji, akauweka, akaenda. Alice naye anakusalimu sana. Nisalimie Murungi na umbusu Gitobu.

Mungu akushike mkono siku ya kujifungua, akupe mtoto mwenye sauti kubwa.

Ni mimi baba yako mkubwa, niliyekupenda na kukukosea,

Nthiga