Dakika Sita Mbele ya Sebene

Jumatano, 2 Agosti 2023

Mu Kamembe yote, huku Rwanda, hakuna muntu anajua musiki kunipita. Mimi Gasana nilipiga gitare mu Orkestre Nyawera Succès, kule Bukavu, ngambo ya mupaka, miaka saba. Bamama balikuwa banalia. Babwana balikuwa bananibandika noti za makuta ku paji ya uso.

Bon. Haikukuwa gitare. Ilikuwa maracas, zile za kutikisa. Na haikukuwa miaka saba, ilikuwa siku moja, juu mwenye maracas alishikwa na malaria. Ku wimbo ya tatu chef wa orkestre akaninyanganya maracas akapatia muuza karanga. Na muuza karanga — Mungu amulaani — alicheza muzuri kunipita.

Nimeandika, imeisha. Daftari hii hakuna mwenye kuisoma. Naweza kusema kweli mara moja kwa wiki.

Lakini kupenda, pale sikudanganya. Nyawera Succès balitoa kaseti moja tu, mwaka 1978, alafu balitawanyika. Bantu ba hapa banajua orkestre za Kinshasa, banajua bavijana ba Kigali, banajua hata ba Nijeria. Nikisema Nyawera Succès, banauliza kama ni duka ya telefoni.

Na ku ile kaseti kuko wimbo moja: "Béatrice, fungua mwavuli". Dakika kumi na moja. Dakika sita za kwanza ni polepole, mwanaume anasimama ku mvua anaomba Béatrice amufungulie mwavuli. Ni ile tu! Anaomba, anaomba. Alafu gitare ya Muhigirwa inaingia, peke yake, sebene, ile sehemu ya kucheza, inaanza — na mwavuli inafunguka. Hakuna neno inasema vile. Unasikia tu, mu mifupa.

Shida ni moja: hakuna muntu nyumbani, hakuna jirani, ameshafika pale. Miaka makumi ine na tano! Patricie, bibi yangu, anafikaka ku dakika ya pili. Anasema huyo Béatrice alishakufa zamani, tumuache apumzike. Jirani wa chini, dakika ya tatu. Padiri alifika ku ya tano, lakini alikuwa amelala.

Mimi natafuta muntu moja tu. Moja! Nikikufa, Patricie atatoa utepe ya ile kaseti afungie mifuko ya mbegu za mboga.

Alhamisi, 3 Agosti

Habari kubwa. Gusaba ya Larissa, mujukuu wangu, ile sherehe ya kuomba binti, ni Jumamosi ya tarehe 12. Na familia imenichagua mimi nikuwe musemaji wa upande yetu! Balisema ni juu ya hekima. Patricie anasema ni juu ya mudomo.

Kazi yenyewe naipenda. Bakwe banakuya kuomba binti, wamevaa muzuri, banaketi upande ingine ya hema. Mimi nawakatalia. Nasema binti gani? Hapa hatuna binti. Nasema alishakwenda kukuwa masista. Kila kintu nitaomba, musemaji wao ni lazima ajibu, ama atoe. Desturi! Hakuna muntu anaweza kunyamazisha musemaji.

Niliandika ile sentensi ya mwisho, nikaisoma tena. Nikacheka peke yangu mpaka Patricie akatokea kuangalia kama niko muzima.

Larissa alikuya mangaribi. Akanishika mukono: "Sogokuru, babu yangu, tafazali. Familia ya Christophe-Aimé ni bantu ba heshima. Usiniabishe."

"Mimi? Lini nilikuabisha?"

Akaanza kuhesabu ku vidole. Nikatoka.

Jumapili, 6 Agosti

Misa ya kwanza, alafu moja kwa moja Rusizi II, ku mupaka. Nikavuka na kundi ya bamama na mabeseni yao. Nikapanda kilima ya Kadutu, mu Bukavu, na magoti yangu haya, nikiuliza: Muhigirwa wa gitare? Hakuna anayemujua. Muhigirwa wa viatu? Eh, yule pale!

Ni yeye. Anashonaka viatu chini ya parasoli. Amekuwa mudogo kama amefuliwa ku maji ya moto. Nikamuambia mimi ni Gasana, wa maracas.

Akaniangalia mingi. "Ule walifukuza?"

Basi, ananikumbuka! Nilifurahi kabisa.

Ile wimbo, yeye mwenyewe hana. Ata kaseti moja. Hajaisikia tangu batoto bake bakiwa bachanga. Anasema bibi yake, marehemu, hakufika mwisho. Nikamuambia ya gusaba. Nikamuambia akuye, akaye mu hema, asikilize bantu mia mbili banacheza gitare yake.

Akaweka kiatu chini. "Batacheza?"

"Bote!"

"Gasana. Unanidanganya kama zamani?"

Nikaapa. Nikiwa njiani kurudia, ku daraja, njo nikaogopa. Kaseti ni kintu tu, haina moyo ya kuumia. Lakini sasa kuko muntu muzima amenunua kofia.

(Kweli, alinunua. Mbele yangu. Ya kijivu.)

Jumanne, 8 Agosti

Nilipeleka kaseti kwa Tuyishime, kijana mwenye kupiga musiki ku ndoa. Akainakili mu ordinateri yake, ile kompyuta. Wimbo inaanza — yeye anaangalia telefoni. Dakika ya pili anasema: "Mzee, hii ni ya matanga?"

Nikamuambia angoje. Hakungoja. Akasogeza kidole ku ile makina, akaruka pale, pap! Mu sebene. Kichwa chake kikaanza kutikisika. "Aaa! Mzee, hapa ni moto! Tuanzie hapa, tukate ile kilio."

Alifika ku sebene, ndiyo. Lakini alipitia ku dirisha! Siwezi kumuhesabu. Nikamuambia: ukikata ile dakika sita, mwavuli inafunguka na hakuna mvua. Muntu anashukuru nini? Ni kama kupokea bageni baliobeba chakula, unachukua sufuria, unafunga mulango.

Akasema sawa, Mzee, ni gusaba yenu. Ataipiga nzima. Nilimulazimisha aape. Aliapa huku anakula chapati.

Ijumaa, 11 Agosti

Hema imesimama. Nguo ya Patricie imefika kutoka kwa mushonaji, ameipenda, basi amani.

Aliniuliza mara mbili juu ya nini ninacheka. Nikasema furaha ya ndoa.

Muhigirwa atavuka kesho asubui. Nimemuwekea kiti ku mustari ya pili, pembeni ya spika.

Jumamosi, 12 Agosti

Niandike kwa utaratibu, juu kichwa imejaa, na haiko juu ya pombe tu.

Bakwe balifika na pirogi, mutumbwi ya moteri, kutoka kisiwa ya Nkombo, kofia, mikongojo, bamama na mishanana, zile nguo za sherehe, muzuri kabisa. Musemaji wao: Mukengere, baba mukubwa wa Christophe-Aimé. Muvuvi wa sambaza, dagaa za ziwa, mweusi, mutulivu, sauti kama pipa. Nikajua mara moja: huyu ni muntu wa kushindana naye.

Nikamuuliza kama wamepotea njia. Akasema nyota iliwaongoza. Nikasema mchana? Hema ikacheka. Nikamuuliza kijana wao anafanya nini. Akasema anaendesha kamyo ya simenti kule Muganza. Nikasema basi bibi atakuwa anamupanguza vumbi mpaka uzee. Akasema ndiyo, na ndani ya vumbi atakuta nyumba ya matofali. Bakapiga makofi. Muzuri! Muntu anajua kazi!

Larissa alikuwa anachungulia mu pazia. Namuona anapumua.

Alafu nikasimama tena. Nikasema: binti kuko. Lakini mbele ya kumutoa, kuko lazima moja. Mutasikiliza wimbo. Mpaka mwisho. Hakuna kuongea, hakuna kutoka, na mwisho tunacheza bote.

Nikamuangalia Tuyishime. Akapiga.

Béatrice akaanza kuombwa. Dakika ya kwanza, hema imetulia. Muhigirwa iko na kofia ku magoti, kichwa chini. Mimi nahesabu dakika ku saa. Dakika ya pili — Patricie ananitoboa na macho. Ya tatu, bantu banaanza kucheka. Si vibaya, hapana! Kwa furaha! Banafikiri ni mutego. Mwanaume analia ku mvua, bakwe banangojeshwa — banasema eeh, huyu mzee ni fundi! Mama moja anapanguza machozi ya kucheka.

Ku dakika ya ine Mukengere akasimama. Polepole. Akainua mukongojo. Akasema:

"Baba mukwe, tumeelewa. Huyu bwana ku wimbo ni mutoto wetu, anaomba na hamumufungulii. Sisi hatuna mwavuli. Lakini tuko na kazie mbili zimejaa chupa za bia ya Primus. Tunazitoa, ili huyu bwana aache kulia."

Hema ikapasuka! Makofi, vigelegele, bantu banapiga viti! Bavijana wawili bakaleta kazie mbele yangu. Na Tuyishime, nyoka yule, akazima.

Ilikuwa jibu ya kitaalamu. Kwa desturi, nimeshindwa. Ningefanya nini? Kusema hapana, ilikuwa kweli, naomba musikilize? Mbele ya bantu mia mbili? Wangefikiri ni mutego ya pili, wangeleta mbuzi.

Nikasema: "Tumepokea." Larissa akatoka, muzuri mpaka nikasahau kila kintu. Karibu kila kintu.

Alafu nikaenda kwa Muhigirwa. Alikuwa ameshika chupa moja ya zile kazie, anaigeuza, anaisoma kama barua.

"Gasana," akasema, "tangu mwaka 78, ni mara ya kwanza muntu analipa juu ya ile wimbo."

Na akacheka. Na mimi nikacheka. Lakini alivaa kofia, na hakuivua tena.

Jumapili, 13 Agosti

Muhigirwa alilala kwetu. Asubui alishona sandali ya Patricie bila kuombwa, na Patricie alimukaangia mayai. Mimi mayai nimeyasikia tu harufu.

Saa tano, hodi! Mukengere, na kikapu ya sambaza. Tuyishime alimupigia telefoni jana, akamuambia ile wimbo haikukuwa mutego, na mwenye gitare alikuwa ku mustari ya pili. Muvuvi mukubwa vile, alisimama ku mulango kama mutoto amevunja chungu.

"Mzee Gasana, nilinunua kunyamaza kwa muntu mbele ya macho yake. Sikujua. Niko na deni yako na yake. Museme kintu, hata kidogo, nitafanya. Lakini pirogi inaningoja saa sita."

Nikasema keti.

Sasa wimbo inapiga na mimi naandika, juu nikimuangalia Mukengere usoni ataogopa akimbie. Si ordinateri, ni kaseti yenyewe, mu radio yangu. Muhigirwa iko ku kiti ya dirisha, macho yamefungwa, kidole moja inatembea ku goti. Mukengere ameketi wima kama ku misa.

Dakika ya pili. Patricie amekuya kukusanya sahani. Amesimama ku mulango wa jikoni.

Dakika ya tatu. Bado amesimama! Naandika tu. Siangalii.

Ya ine. Mukengere anasema polepole: "Huyu bwana iko analowana kweli." Kona ya mudomo ya Muhigirwa imesogea.

Ya tano. Telefoni ya Mukengere inalia. Ni mwenye pirogi. Nasikia sauti yake mpaka hapa: Papa, upepo inaamuka, tunaenda! Mukengere anasema nakuya, nakuya. Anaangalia saa. Anaangalia Muhigirwa. Ameshika kikapu. Tako moja limeinuka ku kiti.

Muhigirwa amefungua macho. Haniangalii mimi, anaangalia ile tako.

Hapana. Naacha kalamu, namuambia kwa mudomo: Papa Mukengere, ulisema kintu chochote nitaomba utafanya. Sitaki mbuzi, sitaki sambaza, Larissa mumekwisha kumupata. Rudisha kikapu chini. Naomba dakika moja, mwavuli ifunguke.