Deki kwa Lul, Kanda Kwangu, na Mume Anataka Jina Moja

Mama mshauri, assalamu alaykum. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu hata mimi nimejikasirikia na haijanisaidia kitu.

Mimi ni mke wa pili wa mwanamume anayeitwa Daud, nakaa hapa Garissa na binti yetu wa miaka minne, Idman. Mke mkubwa anaitwa Lul, ana watoto watatu, anakaa upande wa soko la mifugo, na mpaka mwaka jana mimi na yeye hata salamu hatukupeana, tukikutana kwa mama wa maziwa mmoja anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba mpaka mwenzake apite. Daud alikuwa akiuza mbuzi kabla binamu zake hawajamvuta kwenda Toronto, Kanada, mwaka wa 1993, na tangu aende hajarudi, lakini kwa mambo ya uadilifu baina ya wake wallahi simlaumu, akituma shuka zinafanana mpaka uzi, akituma manukato ni chupa mbili za kipimo kimoja. Sasa mwaka jana akatuma deki ya video, msafiri wake aliinunua Dubai njiani, pamoja na kanda, na kwa kuwa deki ni moja na haikatwi katikati, deki akampa Lul na kanda akanipa mimi, akaona amegawa sawa. Hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kuvurugika.

Kanda zenyewe ni za mchezo wa kuigiza wa televisheni ya Kanada, sehemu moja kila wiki, Daud anaurekodi kwake pamoja na matangazo ya sabuni, anaandika namba kwa kalamu nyekundu, halafu anampa msafiri. Kwenye ile ya kwanza aliandika, "Tazameni mjue maisha ya huku." Mimi kwa kiburi changu sikutaka kukanyaga kwa Lul, nikapeleka kanda kwenye ukumbi wa video wa Ogle, watu wamekaa wanangoja, na picha ikaanza kupanda na kushuka bila rangi, vichwa viko chini na miguu iko juu. Ogle akaitoa, akaipuliza, akairudisha, mwisho akaniambia mbele ya watu, "Abaayo, dada yangu, kanda za huko hazisomwi na deki za huku. Mji huu naijua moja tu inayosoma za kila nchi, ile iliyonunuliwa Dubai, na wewe unajua iko nyumba gani." Watu wakacheka. Nikasema labda KBC watauonyesha, nikamsumbua jirani mwenye antena ndefu mwezi mzima, picha ni chenga tupu na mchezo wenyewe haupo. Basi Alhamisi moja baada ya alasiri nikajitanda, nikabeba kanda zangu, nikaenda kwa mke mwenzangu.

Mama, hakunifukuza. Aliangalia kanda, akaniangalia mimi, akasema, "Nilikuwa najiuliza utachukua muda gani. Ingia, chai iko." Tangu siku ile kila Alhamisi ni sisi wawili na watoto wetu wanne kwenye mkeka mmoja. Mchezo unahusu mama anayeitwa Helen, ana shamba la ngano kwenye nchi ya theluji, mumewe ameenda kufanya kazi mgodini na amebaki na watoto. Lul alimaliza kidato cha nne na aliwahi kuwa karani, mimi niliishia darasa la nane na wale watu wanaongea haraka na puani, kwa hiyo yeye ndiye anayenitafsiria. Theluji ilipofunika ng'ombe wa Helen tulilia wote wawili, maana ng'ombe ni ng'ombe hata akiwa wa Mzungu. Idman aliposhikwa na malaria, Lul ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Yaani nilianza kumpenda, mama, na sijui kama inaruhusiwa.

Halafu ikaja kanda ya sita. Nikaona watoto wa Helen wanapandishwa gari, Helen analia mlangoni. Lul akasema, "Serikali imewachukua. Huko mtoto si wako, ni wa serikali." Tangu hapo kila kanda ni balaa, majirani wanamshtaki Helen, Helen anaitwa kortini, na mimi nikaanza kuogopa Kanada. Kwenye kanda ya tisa Lul alikuwa na mgeni, Rukiyo, muuguzi aliyesoma Nairobi. Watoto wakarudi nyumbani, Helen akawakumbatia. Lul akasema, "Wamekuja kutembea tu, watachukuliwa tena." Tulipotoka, njiani Rukiyo akaniambia, "Serikali gani? Helen mwenyewe aliwapeleka kwa dada yake wakati wa baridi kali. Amemshukuru dada kwa kuwatunza, hukusikia?" Mimi nitasikiaje, mama? Sasa watu wawili wanaojua Kiingereza wametazama picha moja, huyu ananiambia hivi na huyu vile, nimsadiki nani?

Na bado sijakwambia lililonileta. Wiki tatu zilizopita msafiri mmoja, Abdiqani, aliniletea kanda ya kumi na moja, na ndani ya karatasi ya kufungia kulikuwa na barua, juu imeandikwa "Lul na Bilan". Daud anasema sasa anaweza kumwita mke akaishi naye huko, lakini serikali ya Kanada inatambua mke mmoja tu, fomu ya uhamiaji ina nafasi ya jina moja, na yule mwingine itabidi kwenye karatasi awe ameachwa. Anasema, "Mimi siwezi kumdhulumu yeyote kati yenu. Mmetazama pamoja, mnayajua maisha ya huku. Kubalianeni, mniletee jina moja kabla ya Ramadhani."

Mama, ile barua nimeificha chini ya nguo za Idman. Lul hajaiona. Nilipompelekea kanda aliniuliza, "Hakuna barua safari hii?" nikasema hakuna, na yeye akanimiminia chai. Nimeandika jina langu kwenye karatasi kwa penseli nikafuta, nikaandika la Lul nikafuta, mpaka karatasi inataka kutoboka. Nikifikiri Lul ananidanganya ili niogope abaki yeye na nafasi, nasema basi naandika langu. Nikikumbuka hospitali, mkono unakataa. Hooyo, mama yangu mzazi, ananiambia nenda ukamfuate mumeo, habaryar, mama mdogo, ananiambia kaa, na mimi sijui hata ninamtaka Daud au nazitaka Alhamisi zangu. Naomba unisaidie: je, Lul ananidanganya? Ni kweli huko wanachukua watoto? Na ni wapi ninaweza kuitazama ile kanda ya sita na mkalimani mwingine bila Lul kujua? Nimechanganyikiwa kabisa.

Bilan, Garissa

---

Bilan mwanangu, wa alaykum salaam. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nilivumilia vizuri tu mpaka nilipofika kwenye nguo za Idman.

Tuanze na lililo jepesi. Nimeuliza kuhusu mchezo wako wa Kanada. KBC hawana, na hakuna aliyeniambia kwamba wanautarajia. Nairobi deki za namna ile zipo, na ukitaka kumbeba mtoto safari nzima ili ukamtazame Helen akilia mara ya pili, shauri yako. Lakini bibi wee, hata ukipata wakalimani kumi, watakuambia habari za Helen tu. Habari za Lul hazimo kwenye kanda yoyote.

Unaniuliza kama anakudanganya. Hebu hesabu na mimi. Habari za watoto kuchukuliwa alianza kukupa kwenye kanda ya sita. Barua ya Daud imekuja na ya kumi na moja, na umeificha wewe. Siku ile ya kanda ya sita Lul alikuwa anagombania nafasi gani, wakati hakuna kati yenu aliyejua kwamba nafasi ni moja? Pengine Kiingereza chake ni cha barua za ofisini, na mtu akianza kulia na kuongea kwa puani mwenzio anabahatisha. Pengine aliona mama aliyeachwa na mume aliyekwenda mbali anawapakia watoto kwenye gari, akaona watoto wake watatu, na hofu ikamtangulia mdomoni. Na pengine, mwanangu, alikutisha kusudi ili usiondoke. Mimi sijui. Anayejua unakunywa chai yake kila Alhamisi, na hujamuuliza hata mara moja.

Sasa nikugombeze. Nyani haoni kundule. Unamshuku mwenzako kwamba anakuficha maneno ya mchezo wa televisheni, watu wa kubuni, shamba la kubuni, na wewe umemficha barua yenye jina lake juu! Tena jina lake ndilo la kwanza. Hiyo ni amana, na umeikalia wiki tatu. Mwanamke aliyembeba mtoto wako mgongoni anakuuliza usoni, "Hakuna barua?" unajibu hakuna. Ungekuwa karibu yangu ningekufinya. Najua uliogopa, na sikulaumu kwa kuogopa. Kwa uongo nakulaumu, na wewe mwenyewe unajilaumu, ndiyo maana penseli inakataa.

Kuhusu watoto: Kanada ina sheria zake kali za malezi kama nchi nyingi, lakini hakuna gari linalozunguka mitaani likiokota watoto wa mama wanaolea vizuri. Usiulize kanda. Garissa hapo kuna nyumba ngapi zenye dada au shangazi Toronto? Ingia kwao, waulize wanaishije, wanapika nini, baridi wanaivumilia vipi, watoto wanasoma wapi. Mchezo wa kuigiza hautakuambia hayo, kwa sababu mama anayepika akaosha vyombo akalala salama, nani atakaa kumtazama?

Halafu huyo Daud. Shuka sawa, manukato sawa, deki huku kanda kule. Hongera zake. Kugawa vitu ni kazi ndogo. Lilipokuja jambo la kugawa kweli, mwanamume amewatupia nyinyi, eti kubalianeni. Hata uoga wake amewagawia nusu kwa nusu! Anataka siku yule atakayebaki akilia, asimlilie yeye, amlilie mwenzake. Msimkubalie. Aliyewaoa ni yeye. Aliweza kutamka kabuli mara mbili mbele ya mashahidi, basi na hili alitamke kwa mdomo wake, nanyi wawili mkisikia.

Utafanya hivi. Chukua barua, uende kwa Lul, na siku hiyo usibebe kanda, maana mkiwasha deki mtaanza tena kumlilia ng'ombe wa Helen. Mpe barua mkononi, mwambie ulipoificha na kwa muda gani, na umwombe radhi bila kumtaja Rukiyo wala kanda ya sita. Akikasirika, nyamaza. Akikufukuza, ondoka, kesho yake urudi. Akitulia ndipo umuulize lile ambalo hujawahi kumuuliza: yeye mwenyewe anataka nini? Na uwe tayari kulisikia jibu lake, hata likiwa "nataka kwenda".

Mkishaelewana, au hata mkikosa kuelewana, peleka habari kwa baba yako, na Lul apeleke kwa kaka yake, na wote wamwite ami yake Daud. Mwende posta mpige simu mkiwa pamoja. Atakayebaki ajue kabla fomu haijaandikwa kama bado ni mke au ameachwa. Akiwa ameachwa, iwe kwa kadhi, na haki zake zote na za watoto wake zizungumzwe mbele ya wazee, isiwe kwa ujanja wa karatasi ya kuwafurahisha maofisa wa uhamiaji. Na akitokea mwerevu wa kuwashauri kwamba mmoja aandikwe kuwa dada yake Daud, mfungieni mlango, hiyo itawarudia. Mpaka siku hiyo ile penseli mpe Idman achoree.

Kama unazitaka Alhamisi zako kuliko Toronto, hilo nalo si aibu. Liseme kwa sauti mbele ya wazee. Wapo wanawake waliokwenda mbali kumfuata mume, wakafika wakagundua kwamba waliyekuwa wakimhitaji wamemwacha nyuma.

La mwisho. Majina yenu nimeyabadilisha yote, pamoja na la msafiri na la mwenye ukumbi. Lakini deki sikuweza kuibadilisha, na wewe mwenyewe umeniambia mji wenu unayo moja tu inayosoma kanda za Kanada. Ndiyo maana jibu hili nililituma kwanza kwenye sanduku lako la posta, siku kumi kabla ya kulichapisha. Kama ulilipata na ukaenda kwa Lul, alhamdulillahi, haya mengine ni ya wasomaji wenzako. Kama hukwenda, funga gazeti, uinjike chai. Lul naye amelisoma, yuko njiani anakuja kwako.