Gari Yako Nyekundu na Mbuzi wa Papa Lokwa

Papa,

Ile taa ya njano haikuwa pambo. Naanza na hiyo kwa sababu imenikaa moyoni wiki nyingi na sina mwingine wa kumwambia. Ile taa ndani ya gari yako nyekundu, yenye kapicha ka gari na mistari ya nyoka nyuma yake. Kila Jumapili kabla ya kutoka ulikuwa unabonyeza kitufe mpaka iwake, kisha unatuambia sisi tuliosimama uani, "Sasa ulinzi iko." Papa wangu! Taa ile ikiwaka, maana yake ulinzi wa kuzuia gari isiteleze umezimwa. Miaka mitatu ulikuwa unamfukuza mlinzi, halafu unaondoka na raha yako. Nilipoelezwa nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokwisha kukaa chini nikalia, maana nilitaka kukimbia nikuambie, na wewe haupo.

Bon. Nikueleze tangu mwanzo.

Mtumbwi wetu uko mzima. Mimi ndiye ninayevusha watu sasa, Makiso kwenda Lubunga, Lubunga kurudi Makiso, na abiria wako wa zamani bado wananiita mtoto wa kapiteni, mimi mwenye miaka thelathini na nne na watoto wawili. Pale ulipokuwa unakaa nyuma nimeweka mto. Usinikasirikie. Mimi sina makalio ya mbao.

Gari ilibaki chini ya hema lake nyuma ya nyumba. Mama akienda kuanika nguo alikuwa anazunguka upande wa pili ili asiione. Unajua hakuipenda tangu siku ile ulipobadilishana boti letu kubwa, lile la kupeleka mizigo mpaka Basoko, na yule mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa anahama. Boti zima, kwa gari ya milango miwili ambayo kiti chake cha nyuma hata paka lazima akunje miguu! "Tuko watu tisa," Mama alisema, "na baba yenu analeta gari ya watu wawili. Wale saba atatutia wapi?" Ukamjibu kwamba mota yake ina nguvu kuliko boti sita. Hakukusemesha mpaka Pasaka.

Lakini uliahidi, Papa. Siku hiyohiyo ulimshika mdogo wangu Solange mkono, ukamwambia siku ya arusi yake atatoka kanisani ndani ya gari ile na mji wote utageuza shingo. Sasa Didier, yule mwalimu mwembamba uliyekuwa unamwita Kiberiti, alileta posa, tarehe ikapangwa, na Solange akauliza habari ya gari. Mama hakuinua hata macho kwenye majani ya pondu aliyokuwa anatwanga.

"Mutoto yangu hatakufa na gauni ya arusi."

Solange hakulia mbele yake. Alishuka mtoni, akapanda mtumbwi wangu kama abiria, akavuka, akarudi, akavuka tena. Safari ya nne ndipo akasema, "Yaya Béa, dada yangu, Papa aliniahidia." Ningefanya nini mimi? Nilienda nikamwambia Mama nitajifunza kuendesha. Alifuta mikono kwenye kitenge. Kisha akasema, kama Ramazani akisema ninaweza, basi, yeye hatakuwa na neno. Sikujiuliza kwa nini amemtaja Ramazani, wakati madereva wamejaa mjini.

Tonton Ramazani, mzee wetu yule, unamjua, kumbe kuliko nilivyofikiri. Malori ya njia ya Buta, miaka thelathini ndani ya matope, na sasa anakaa mbele ya nyumba yake na kofia yake nyeupe, anawakosoa wote wanaopita na magari. Alikuja, akazunguka gari mara moja, na hakufungua hata mlango. Akaonyesha tairi za nyuma kwa fimbo. Zilikuwa laini kama kipara chako. Akasema nguvu yote ya gari hii inatoka nyuma, na huku nyuma wewe umeivalisha sandali, yeye hapandi. Tukangoja tairi mpya mpaka zikapanda na mashua kutoka Kinshasa. Wiki tatu! Solange alikuwa anaenda bandarini kuziulizia kama mtu anayengoja mchumba.

Alipokubali kupanda, alinipeleka kwenye uwanja wa kile kiwanda kilichofungwa. Ni mpana, udongo wake mwekundu, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Hapo ndipo aliponieleza habari ya taa. Akasema siku za kawaida hatutagusa kitufe kile, lakini leo tutauzima ulinzi makusudi, nimjue mnyama mwenyewe.

Nikaingia kona ya kwanza. Nikagusa kikanyagio cha gesi kidogo tu, Papa, kwa kidole gumba cha mguu! Nyuma ya gari ikatoka kulia, inataka kunipita.

Unajua nilichofanya. Wewe ndiye uliyekitia ndani ya mikono yangu tangu nina miaka kumi na mmoja. Mtoni, maji yakitupa nyuma ya mtumbwi kulia, mkono wa mota unausukuma kushoto, na pua ya mtumbwi inarudi. Na unaongeza moto, kwa sababu mota ikilegea maji yanakuchukua. Ulikuwa unanipigia kelele mpaka watu wa ng'ambo wanasikia: "Maji ikikukamata, usizime mota. Ongeza!"

Alors nikavuta usukani kushoto, nikaongeza.

Tulizunguka mara mbili. Niliona kiwanda, nikaona majani, nikaona kiwanda tena. Tuliposimama tulikuwa tunatazama tulikotoka, na kuku wa mlinzi wa kiwanda walikuwa juu ya ukuta. Tonton Ramazani alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa.

"Mukono hii naijua," akasema. "Iko ya baba yako."

Hapo akanieleza yote. Kwamba Ijumaa kumi na tatu, baada ya sala yake, wewe ulikuwa unakuja hapohapo kwa siri kujifunza. Kwamba kila Ijumaa uliteleza, na kila uliposhikwa na utelezi ulivuta usukani upande wa mtoni na kuongeza, na hakuna kilichoweza kukutoa kwenye tabia hiyo. Na kwamba Ijumaa ya kumi na tatu gari ilienda kinyumenyume mpaka ikapiga mchikichi pale pembeni, upande wako, sentimita chache kutoka kichwani. Alinionyesha mti. Rangi nyekundu bado iko kwenye gome.

Papa. Ulituambia ni mbuzi wa Papa Lokwa!

Ulitukusanya sisi wote, ukatuonyesha pale palipobonyea, ukasema mbuzi yule wa jirani amejiona ndani ya rangi inayong'aa, akafikiri ni dume mwenzake, akarudi nyuma hatua kumi na kupiga. Hatua kumi! Ulizihesabu uani mbele yetu. Tukaamini. Tangu siku hiyo Mama hakumpa Papa Lokwa moto wala chumvi, na mimi mwenyewe kila nikimwona yule mbuzi nilikuwa namtupia kandambili. Alikuwa ananitazama tu, masikini, hajui amekosa nini.

Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Siyo kwa ajili ya mbuzi. Nilikaa pale ndani ya gari nikakumbuka Jumapili zako, ulivyokuwa unateremka mpaka bandarini kwa gia ya kwanza, polepole, mkono nje ya dirisha, na baiskeli za toleka zinakupita zimebeba akina mama na magunia yao. Sisi tulidhani ni maringo. Kumbe ulikuwa unaogopa. Kwa nini haukuniambia? Mimi ningekaa pembeni yako. Tungeogopa wawili.

Nilijifunza miezi miwili, peku, kama mtoni. Tonton Ramazani hakunipigia kelele hata siku moja, na hilo lilinichosha kuliko kelele zako. Punguza kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Gesi usiiguse mpaka usukani umeanza kurudi. Nyuma ikikimbia, acha breki, inua mguu taratibu, zungusha usukani upande ule nyuma inakokimbilia, na macho yatazame pale unapotaka kufika, siyo pale unapoogopa. Mikono inafuata macho. Nilikuwa naimba maneno hayo hata usingizini, mume wangu ni shahidi. Siku moja nikayafanya mtoni. Mkondo ulishika mtumbwi, mimi nikainua mkono kwenye gesi taratibu, kwa adabu, na karibu niwapeleke abiria kumi na wanne chini ya mashua ya mafuta. Mama mmoja anayeuza makayabu, wale samaki wa chumvi, akasimama na beseni lake kichwani, akanipigia kelele, "Béa, chagua! Gari ao maji!"

Wiki moja kabla ya arusi Tonton Ramazani alikuja nyumbani, akamwambia Mama neno moja: "Anaweza." Mama akasema ahsante, akaingia ndani kupiga pasi kitambaa kilichokuwa kimekwisha kupigwa pasi.

Jumamosi mvua ilianza asubuhi. Tulitoka kanisani vizuri. Solange alikaa pembeni yangu na gauni lake limejaa mpaka juu ya gia, ikawa kila nikibadilisha nashika kwanza lesi. Didier tulimkunja nyuma, magoti masikioni. Nyuma yetu magari ya arusi, honi zote, pikipiki mbele, watu wamesimama chini ya mabati wanapiga vigelegele. Mji uligeuza shingo, Papa. Hilo nakuhakikishia. Mama alikuwa kwenye basi dogo nyuma yetu kabisa, na nilimwona kwenye kioo, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Tulipoingia mzunguko wa katikati ya mji, Solange akanitazama na machozi yake na poda yake, akasema, "Ngoja nifanye kama Papa." Akabonyeza kitufe.

"Sasa ulinzi iko," akasema.

Niliona ile njano inawaka. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Tulikuwa tunatoka kwenye mzunguko, mguu wangu umeanza kugusa gesi, maji yamejaa barabarani, na nyuma ikaondoka. Kulia, kama siku ile. Mbele yetu toleka mmoja amefunga godoro zima juu ya baiskeli. Na nilikusikia, Papa. Naapa nilikusikia, wazi kabisa, uko nyuma yangu kwenye mtumbwi: "Ongeza!"

Maisha yangu yote nilikutii kwenye neno hilo. Mguu ulikuwa tayari unashuka. Nikauinua. Nikatazama mdomo wa barabara, mbali, kule mbele ya godoro, na mikono ikaenda kulia yenyewe. Gari ikatikisa mkia mara moja, ikarudi, ikanyooka. Yule wa toleka hakujua hata kama alikuwa hatarini. Alitupungia mkono.

Wa nyuma walifikiri ni mbwembwe ya arusi, wakazidisha honi. Solange akapiga makofi, "Yaya, rudia!" Didier alikuwa anasali kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa, vyote pamoja.

Tulipofika ukumbini Mama alishuka kwenye basi, akaja kwangu katikati ya mvua, bila mwavuli, na vitambaa vyake vipya. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akaitazama. Ilikuwa inatetemeka. Aliishika tu mpaka ikatulia, kisha akaenda kusimamia wali.

Na kitu kingine, kwa sababu leo nimeamua kutokuficha. Papa Lokwa alitoa zawadi, ili ugomvi uishe. Alitoa mbuzi. Ndiyo, huyohuyo. Tulimla na pilipili na ndizi, na alikuwa mtamu sana, na kila kipande nilikiomba msamaha kabla ya kukitafuna.

Leo ni Jumapili. Baada ya misa Mama alitoka na mkoba wake, akasimama karibu na gari, akaniambia nimpeleke kwako. Miaka yote hii hajawahi kukaa ndani. Alifunga mkanda, akaweka mkoba magotini, akashika mlango. Kabla hatujatoka akaniegemea, akachungulia dirisha la upande wangu, akatazama pale palipobonyea.

"Haikukuwa mbuzi," akasema. "Ile siku alirudi kutoka kwa Ramazani mikono inatetemeka, akashindwa kushika kikombe. Nikajua amekwepa kufa. Alivyoanza kuhesabu zile hatua kumi, nikaona mawa, nikamuhurumia, nikamuachia mbuzi yake."

Alijua, Papa. Miaka hii yote alijua, na akamnyima Papa Lokwa chumvi na moto ili uongo wako usimame. Ndiyo maana alimtaja Ramazani.

Naandika haya nikiwa nimekaa pembeni ya kaburi lako, nyuma ya karatasi ya nyimbo za arusi, na nafasi inakwisha. Lala salama, Papa wangu. Nakuahidi mambo mawili. Nitamtafutia Papa Lokwa mbuzi mwingine, mdogo, na sitamtupia kandambili hata akiramba gari. Na mtoni, siku zote, maji yakinikamata, nitaongeza.

Naacha hapa. Mama alikaa na wewe mwanzo, akakung'olea majani, kisha akarudi kwenye gari kunisubiri. Sasa amegundua honi. Anapiga ya tatu hii, na anacheka peke yake.

Kapiteni wako,
Béa