Hedi Zilizochanganyika

Jumanne, 14 Juni 1955. Miezi tisa na siku nne tangu nitoke Kimilili.

Ningenyamaza tu. Gari la mzungu wa Njoro likitoka Ijumaa, Jumamosi mimi niko kwenye treni, naenda kumwona mtoto ambaye sijamwona tangu azaliwe. Ndivyo alivyoniahidi fundi Singh, mkuu wangu hapa gereji.

Lakini leo nilipokuwa nafuta injini ya gari hilo, niliona bolti za upande wa kulia zimetokeza juu ya nati zaidi kuliko za kushoto. Hedi moja, kile kifuniko cha silinda, nyembamba, nyingine nene. Kosa ni langu. Wiki jana niliosha hedi za magari mawili kwenye pipa moja, wala sikuzitia alama.

Injini kama hiyo itatetemeka mpaka Njoro, halafu irudi kwetu imekufa. Na mimi niko nyumbani nabeba mtoto...

Nikamwambia fundi. Akapima, akaninyanyulia spana.

"Wafula! Nilikutuma uoshe hedi au upike githeri?"

"Nimekosa, fundi. Hedi yake nyingine iko kwenye injini ya lile gari la pili."

"Basi fungua zote mbili! Wewe mwenyewe!"

Nimefungua. Mgongo hauna nguvu tena. Gasketi mpya za kuziba chini ya hedi lazima zitoke Nairobi, kwa hiyo gari halitatoka Ijumaa hii.

Jioni tukinywa chai, fundi alianza kucheka peke yake. "Mimi mwenyewe nilikaza hizo nati, sikuona. Ukirudi kutoka likizo, kazi ya kuosha imekwisha. Utashika spana."

Mke wangu atanuna kidogo. Nitafika Jumapili ya tarehe 26, si hii.