Orodha ya Pembe Kubwa

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwa zile salamu zote ambazo ungezisikia kwa mdomo wangu kama ungeiwasha simu yako. Hujambo? Miwani mipya imekukaa? Unakula, au unakitazama tu chakula kama enzi zile, mpaka mama akuambie kwamba hakijawahi kumshibisha mtu kwa macho? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Shemeji yako goti bado linamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa, na anakusalimu.

Barua hii nimeianza mara nne. Nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba nilichokwisha kukifagia asubuhi, nimerudi. Ukiona maandishi yanayumba usidhani naumwa. Nimeshindwa kutulia tangu Jumanne, siku aliyokuja wifi.

Wifi alinieleza mambo ambayo wewe umeninyima. Kwamba kamati ya mradi inakaa Jumatatu, na kwamba umekubali kutia sahihi karatasi inayosema handaki la maji, lililochimbwa kutoka pande mbili, lilipishana mita mbili katikati kwa uzembe wako. Kwamba ulipoulizwa kwa nini, ulijibu huenda kweli umezeeka macho, basi iishe. Alisema kule kazini wanakuita Bwana Mita Mbili. Na yule mwenzako aliyekuwa akipima upande wa pili, anayelenga mara moja na kwenda zake chai, upande wake umekutwa umenyooka kama uzi. Wewe uliyekuwa ukirudia kila kona mara tano, sita, ndiye uliyepotea njia. Wanacheka kwamba ulikizungusha kile kifaa cha kupimia pembe mpaka kikapata kizunguzungu.

Wifi mwenyewe alicheka kidogo aliposema hivyo, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia. Mimi sikucheka. Nilikiweka kikombe chini nikamwambia nina kazi ya haraka ofisini, nikamwacha na shemeji yako. Naye alishangaa, maana ilikuwa siku yangu ya mapumziko.

Ngoja nikueleze, kwa sababu kazi yangu hujawahi kuielewa vizuri, na kosa ni langu, nilipenda zaidi kujivuna kuliko kueleza. Unajua niliingia pale kwa kupiga deki. Fundi Mkuu wetu aliona nasoma namba ndefu zilizobandikwa mlangoni bila kukosea, akanifundisha kukagua. Pale kwetu wanaandika hesabu za ndani ya mashine: za pembe, za mizizi, za vipeo. Watengeneza vifaa wanazichukua na kuzitia katika vyombo vyao, kama mwashi anavyonunua tofali badala ya kufinyanga mwenyewe. Hata kifaa chenu kile cha kijivu kina hesabu zetu za pembe. Nilikwambia siku ulipokabidhiwa, nikaringa kama vile nimekizaa.

Sasa, mashine haina nafasi ya tarakimu zisizo na mwisho. Kila jibu linakatwa mahali. Kazi yangu ni kuwasha hesabu mbili pamoja: ile ya haraka itakayouzwa, na nyingine ya polepole sana yenye tarakimu nyingi, ambayo tunaiamini. Namba zinapita maelfu kwa maelfu, na mimi natazama zimeachana hatua ngapi kwenye tarakimu ya mwisho. Hatua moja inaruhusiwa. Mbili, unapiga kelele. Kuna orodha ya pembe ndogo, ya pembe za kati, na ya pembe kubwa, zile za kitu kilichozunguka na kuzunguka mara nyingi mno. Hiyo ya mwisho inachukua kutwa nzima, na hakuna anayeipenda.

Mwaka juzi nilipiga kelele mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa bure. Mara ya kwanza nilikuwa nimeweka orodha ya mizizi kwenye hesabu ya pembe. Mara ya pili umeme ulikatika katikati, mistari ikatoka nusu nusu, nami nikadhani ni makosa, nikawasimamisha watu ishirini. Wakanipa jina la Mama King'ora. Wale wahandisi wakiniona kwenye korido walikuwa wanaziba masikio. Walikuwa wanatania tu, nami nilicheka nao, lakini nilikuwa nikifika chooni nalia. Fundi Mkuu alinifundisha kwa upole kwamba umeme ukikatika, mstari uliooza, yaani uliokatika katikati, nauondoa tu, naendelea na mingine. Ndiyo desturi yetu mpaka leo.

Basi hesabu mpya ya pembe, ile iliyokuja kutiwa kwenye kifaa chenu, ilipoletwa, ikawa siku ya orodha ya pembe kubwa. Mchana umeme ukakatika, ukarudi. Jioni nikasoma majibu. Yote yalikuwa hatua moja au chini yake, ila mistari mitatu ya mwishoni kabisa, zile pembe kubwa kuliko zote. Hiyo ilikuwa imeachana hatua elfu arobaini.

Nilikaa pale nikiitazama. Mhandisi mmoja akachungulia mlangoni akauliza kama king'ora kinalia leo. Nikamjibu hakilii. Nikaifuta mistari mitatu, nikaandika kwenye daftari kwamba ilioza kwa umeme, nikatia sahihi. Nikamshukuru Mungu kwa siku njema. Jina Lake nikalitaja hapo hapo, mdogo wangu, juu ya karatasi ile.

Sasa nisikilize. Mstari uliooza huwa umekatika. Ile mitatu ilikuwa mizima, tarakimu zote zimo, na umeme ulikuwa umerudi muda wa saa tatu nzima kabla haijatoka. Nilijua. Sitakwambia sikujua, sitakwambia nilichanganyikiwa. Nilijua, nikaogopa kuchekwa.

Jumanne nilipotoka hapa nilikwenda moja kwa moja nikairudisha ile mitatu, nikawasha upya. Elfu arobaini, vile vile. Nikaongeza pembe kubwa zaidi, na kosa likazidi kukua. Nikampelekea Fundi Mkuu, nikamweleza na habari za handaki lenu. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alitoa karatasi za kifaa chenu akazisoma, kisha akaniambia kwamba kifaa kile mzunguko ukiisha hakirudi sifuri, kinaendelea kujumlisha mpaka kizimwe. Akaniuliza kama mpimaji huyo alikuwa na tabia ya kukizungusha sana bila kukizima. Nikamwambia anarudia kila kona mara tano wala hakizimi mpaka kazi iishe, tangu utotoni hakuwahi kufunga mlango bila kurudi kuujaribu. Akafunga macho. Akasema, basi kadiri alivyohakikisha, ndivyo alivyozidi kupotezwa.

Umeelewa? Yule wa chai hakufika kwenye pembe kubwa. Wewe ungekuwa mvivu kama unavyosemwa, ungetoka salama kama yeye. Macho yako hayana kosa. Mkono wako hauna kosa. Umepotezwa na uangalifu wako, na aliyekutegea hapo ni mimi, dada yako.

Fundi Mkuu ameniuliza kama nafahamu kwamba nikiandika maelezo haya jina langu ndilo litakalokuwa chini yake, na kwamba wakubwa hawatanibakiza kazini. Nimeandika. Nakala nimeifunga humu pamoja na mistari mitatu, nawe unaweza kuisoma vizuri kuliko mimi. Nyingine imekwenda kwa kamati, ila siamini kwamba watu waliokwisha kumpata wa kumlaumu watasoma karatasi mpya kwa furaha. Shemeji yako anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naona hapa maradhi yalikuwa yangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukizikwa.

Kwa hiyo Jumatatu usitie sahihi. Mimi nitakuwa kwenye mlango wa kamati kabla haujafunguliwa, na nitasema haya kwa mdomo, kwa sauti, hata wakiziba masikio. Kama hutaki kuniona, nakuelewa, kaa upande mwingine wa chumba. Msamaha sikuombi kwenye karatasi, nitauomba nikiwa nimesimama mbele yako, siku utakayotaka mwenyewe. Ila kalamu usiishike.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mwambie wifi anisamehe kwa kumwacha na chai inapoa. Shemeji yako anakuombea, na mimi magoti yangu yamechubuka. Mungu akulinde mpaka Jumatatu, na baada ya hapo.

Ni mimi,
Dada yako